Maji Magumu au Maji ya Magadi? Istilahi za Maji ya Kupikia Bia Chini ya Mlima Meru

Miongoni mwa kazi ndogo ndogo zipitazo mezani petu ni tafsiri za miongozo ya mafundi: namna ya kutengeneza sabuni, namna ya kuhifadhi ngozi, namna ya kufunga pampu. Kazi hizi hazina sifa kubwa, wala hazisomwi na watu wengi. Lakini msomaji wake huzitumia papo hapo, na neno likikosewa, kosa huonekana katika chungu au katika mashine. Moja ya kazi hizo ilitupa somo ambalo tungependa kulishiriki na watafsiri na walimu wanaosoma kurasa hizi.

Mwongozo wenyewe ulieleza namna ya kupika bia nyumbani, ile bia nyeupe yenye hopsi nyingi. Aliyeuomba ni mwalimu mstaafu anayeishi Terrat. (Terrat tunayoisema hapa ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa kusini, isichanganywe na Terrat ya Simanjiro katika Mkoa wa Manyara, kosa ambalo limekwisha kuzipoteza barua kadhaa.) Sura ya tatu ya mwongozo huo ilihusu maji. Katika lugha ya asili palikuwa na maneno mawili tofauti: moja likitaja wingi wa kalsiamu na magnesiamu, la pili likitaja uwezo wa maji kuistahimili asidi. Sisi, kwa haraka na kwa kutokujua, tuliyatafsiri yote mawili kwa neno moja, “ugumu”. Kisha tukaandika sentensi hii, ambayo kwa masikio ya Kiswahili haikuwa na kasoro yoyote: “Iwapo maji ni magumu, yachemshwe kwa nusu saa, yaachwe yatulie, kisha maji ya juu yamiminwe katika chombo kingine.”

Mwalimu alifuata maelezo yetu. Bia ikatoka na ladha mbaya, yenye kushika ulimi. Akadhani hakuchemsha vya kutosha. Mara ya pili akachemsha kwa saa nzima. Bia ikazidi kuharibika. Barua aliyotuandikia ilikuwa ya adabu sana, jambo lililotuumiza kuliko lawama.

Tulipopata nafasi ya kwenda Arusha tulimtembelea. Alikuwapo pia jirani yake, mama mpika mbege wa miaka mingi, ambaye alitusikiliza tukizungumza habari za ugumu wa maji hadi akashindwa kuvumilia.

“Shikamoo, mama,” tulikuwa tumemwamkia mwanzoni.

“Marahaba, wanangu,” alikuwa amejibu. Sasa akasema: “Nani kawaambia maji haya ni magumu? Maji magumu hayatoi povu. Haya, ukinawa, mikono inateleza hata kabla ya sabuni. Haya ni maji ya magadi. Maharage yangu hapa siyatii magadi, yanaiva yenyewe.”

Kwa maneno hayo machache alikuwa amekwisha kufanya uchambuzi ambao sisi tuliushindwa tukiwa na kamusi nne mezani.

Yafaa tueleze kwa nini alikuwa na haki. Maji huitwa magumu yanapokuwa na kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Madini hayo hukamatana na sabuni, na badala ya povu hupatikana utando wa kijivu. Madini hayo hayo hukaza maganda ya maharage, yakachelewa kuiva. Kwa upande mwingine, Mlima Meru ni volkeno, na miamba yake ina sodiamu nyingi. Mvua inapopenya katika majivu na miamba hiyo, visima na chemchemi nyingi za pembezoni mwake hutoa maji yenye baikaboneti ya sodiamu kwa wingi, huku kalsiamu ikiwa kidogo. Jamaa wa karibu wa maji hayo ni maji ya maziwa ya Momela, upande wa mashariki wa mlima, na magadi yenyewe yachotwayo katika Ziwa Natron. Basi maji ya aina hii yana alikali nyingi lakini si magumu. Tena ni malaini. Sisi tulimwambia mtu mwenye maji malaini kwamba maji yake ni magumu, kisha tukampa dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Msomaji aliyelelewa pwani atauliza: mbona kuchemsha ni dawa tuliyoizoea? Ni kweli, na hapo ndipo ulipo mzizi wa kosa letu. Maji ya visima vya Unguja hutoka katika mawe ya chokaa ya matumbawe. Yana baikaboneti pia, lakini mwenziwe ni kalsiamu. Maji hayo yanapochemka, hewa ya kaboni hutoka, na kalsiamu hujitenga pamoja na kaboneti ikawa chokaa. Ndiyo ule utando mweupe tuuonao ndani ya birika. Baada ya hapo maji yaliyobaki yana ugumu mdogo zaidi na alikali kidogo zaidi. Kwa maji hayo, sentensi yetu ingefaa kabisa. Lakini katika maji ya sodiamu hakuna kinachojitenga, kwa sababu kaboneti ya sodiamu huyeyuka vizuri katika maji. Hewa ya kaboni hutoka, baikaboneti hugeuka kaboneti, na kipimo cha pH hupanda badala ya kushuka. Alikali yote imo humo humo, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, kila lita iliyobaki ina alikali zaidi kuliko mwanzo. Mwalimu alichemsha saa nzima kwa bidii, na kila dakika ilimwongezea taabu.

Sasa turudi katika bia, ili ieleweke kwa nini jambo hili ni zito kiasi hiki. Mpikaji wa bia huloweka kimea cha shayiri kilichosagwa katika maji ya moto. Katika rojo hilo vimeng’enya vya kimea huigeuza wanga kuwa sukari. Kazi hiyo hufanyika vyema rojo likiwa na asidi kidogo, yaani pH ya kati ya 5.2 na 5.6. Kimea chenyewe huleta asidi kiasi, na kalsiamu ikiwapo hukutana na fosfati za kimea na kuongeza asidi hiyo. Maji yenye alikali nyingi huila asidi yote, rojo likabaki na pH ya juu. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, maji hunyonya kutoka katika maganda ya shayiri vitu vyenye kukaza ulimi. Pili, hopsi zinapochemshwa katika pH ya juu, uchungu wake hutoka kwa wingi lakini kwa ukorofi. Bia nyeusi huweza kuvumilia, kwa sababu nafaka iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi ina asidi ya kupambana na alikali. Ndiyo maana mji wa Dublin, wenye maji ya alikali, ulipata sifa kwa bia nyeusi. Plzeň, mji wa Wacheki wenye maji malaini sana yasiyo na chumvi nyingi, ulipata sifa kwa bia nyeupe. Burton upon Trent katika Uingereza ulipata sifa kwa bia ya hopsi, kwa kuwa maji yake yana jasi nyingi, na salfeti ya jasi huufanya uchungu wa hopsi usikike mkavu na safi.

Na mbege? Mbege haipati shida hiyo. Ndizi zilizoiva huchemshwa, maji yake huachwa yachachuke, kisha hutiwa uji wa kimea cha ulezi. Uchachu unaotokea katika chombo huishinda alikali ya maji bila mpishi kuhangaika. Uchungu wa mbege hutoka katika gome la msesewe, ambalo hufanya kazi ile ile ya hopsi. Kwa hiyo yule mama alikuwa na maji yale yale ya jirani yake, na kinywaji chake kilikuwa kizuri.

Hapa tunafika penye kazi yetu hasa. Tunahitaji maneno mangapi, na yapi?

Neno “ugumu” tunapendekeza libaki kwa kalsiamu na magnesiamu peke yake. Limekwisha kuzoeleka shuleni, na wananchi wanalitambua kwa kipimo cha sabuni. Ugumu uondokao kwa kuchemsha uitwe “ugumu wa muda”, na usioondoka uitwe “ugumu wa kudumu”, kama vitabu vingi vya kemia vifanyavyo.

Kwa ule uwezo wa kuistahimili asidi tunapendekeza “ualikali”. Tunajua kwamba baadhi ya walimu hulitumia neno hili kwa maana ya pH iliyozidi 7. Tunawasihi wasifanye hivyo, maana hayo ni mambo mawili. Kipimo cha pH hueleza hali ya maji kwa wakati ule. Ualikali hueleza kiasi cha asidi kitakachohitajika kuibadilisha hali hiyo. Mfano wa karibu ni mtu na mzigo: pH ni mahali aliposimama, ualikali ni uzito wa mzigo unaomzuia kusogea. Maji mawili yanaweza kuwa na pH 8 yote, moja likashuka kwa matone mawili ya ndimu na jingine likahitaji ndimu nzima. Mpikaji wa bia anahitaji kujua habari ya ndimu kuliko habari ya pH 8.

Palikuwa na pendekezo miongoni mwetu la kutumia “umagadi” badala ya “ualikali”. Neno ni la Kiswahili, ni tamu, na limetoka kwa watumiaji. Tulilikataa kwa sababu moja tu: mwenye kisima cha chokaa Unguja ana ualikali pia, na hana magadi. Lakini tusingependa kulipoteza. Basi tunapendekeza litumike kutaja aina ya maji: “maji ya magadi” yawe yale ambayo ualikali wake unatokana na sodiamu, na “maji ya chokaa” yawe yale ambayo ualikali wake unatokana na kalsiamu. Hapo mwongozo unaweza kusema kwa ufupi kabisa: maji ya chokaa yachemshwe, maji ya magadi yasichemshwe kwa kutumaini kwamba yatapona.

Mtego mwingine uko katika taarifa za maabara, na watumishi wa serikali wanaozitafsiri watausoma kwa faida yao. Kwa desturi ya wanakemia, ualikali huandikwa kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti, hata kama maji hayana kalsiamu ya kutosha kujaza kijiko. Ni kama kuhesabu mali ya mfugaji kwa idadi ya mbuzi ilhali yeye anafuga ng’ombe. Tumeona taarifa iliyotafsiriwa “kalsiamu kaboneti, miligramu 300 kwa lita”, na msomaji akaondoka akiamini kuwa ana maji ya chokaa. Tafsiri sahihi ni: “ualikali, miligramu 300 kwa lita kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti”. Maneno “kwa hesabu ya” yasiachwe kamwe.

Upo pia msamiati wa ladha, na hapa lugha yetu ni tajiri kuliko tulivyoitendea. Neno “kali” limebebeshwa kila kitu: pombe kali, siki kali, dawa kali, jua kali. Katika mwongozo wetu wa kwanza tuliandika kwamba maji mabaya huleta “ukali”, na mwalimu akadhani tunasema kileo kitaongezeka. Tunashauri “ukali” ubaki kwa wingi wa kileo, “uchungu” kwa ladha ya hopsi na ya msesewe, “uchachu” kwa asidi, na kwa ile hali ya ulimi kushikwa kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi, Kiswahili kina neno “ukakasi”. Bia ya mwalimu ilikuwa na ukakasi. Kwa kimiminika kitamu kabla ya kutiwa hamira tumechagua “togwa”. Wapo watakaopinga, kwa sababu togwa ya ulezi hunywewa hivyo hivyo na haichemshwi na hopsi. Lakini maana yake ya msingi, yaani kinywaji cha kimea ambacho hakijawa pombe, inatosha.

Tulipokwisha kuyatenga maneno, dawa yenyewe iliweza kuandikwa bila shida. Mwenye maji ya magadi ayachanganye na maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, ambayo karibu hayana ualikali. Kama ualikali ni 300, sehemu moja ya maji ya kisima kwa sehemu tatu za maji ya mvua huleta 75. Kinachobaki kipunguzwe kwa asidi ya laktiki, ile asidi ya maziwa yaliyoganda: kwa ile iuzwayo kwa nguvu ya asilimia 88, mililita 1.7 katika lita 20 hupunguza ualikali kwa miligramu 50 hivi kwa lita. Kisha airudishe kalsiamu ambayo maji hayo hayana. Gramu moja ya jasi katika lita 10 huongeza kalsiamu miligramu 23 na salfeti miligramu 56 kwa kila lita. Gramu moja ya kloraidi ya kalsiamu, ile yenye maji ndani ya chembe zake, huongeza kalsiamu miligramu 27 na kloraidi miligramu 48. Salfeti huinua uchungu wa hopsi. Kloraidi huipa bia unono mdomoni. Mwenye kupenda hopsi azidishe jasi. Jasi huchimbwa hapa nchini, kwa mfano Makanya, njia ya Same, lakini ya kupikia iwe ile iliyosafishwa kwa ajili ya chakula. Ya kiwandani na ya shambani haifai.

Lipo jambo moja ambalo halikuwamo katika mwongozo wa asili, kwa sababu mwandishi wake hakuwahi kuishi chini ya Meru, nasi tuliliongeza kwa hiari yetu. Maji mengi ya eneo hili yana floraidi. Kila mwenyeji ajua meno ya rangi ya kahawia ya watu waliokulia huko, na floraidi ikizidi sana kwa miaka mingi hudhuru mifupa pia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa pengine hapakuwa na maji mengine. Baadaye kikomo kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Floraidi haiondoki kwa kuchemsha, haiondoki kwa asidi ya laktiki, wala haitoki katika bia wakati wa kuchachuka. Kuchemsha kwa saa nzima, kama tulivyomfanya mwalimu afanye, huizidisha. Hupungua kwa kuchanganya na maji ya mvua, au kwa kuchuja katika makaa ya mifupa, kazi ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeishughulikia kwa miaka mingi. Ipo pia njia ya shabu na chokaa iliyotoka India. Magadi yenyewe huweza kuwa na floraidi, kwa hiyo mpishi anayetia magadi katika mboga huku akinywa maji ya kisima hupata mara mbili.

Kwa mtafsiri, nyongeza kama hii ina mashaka. Je, ni haki yetu kuandika lisilokuwamo katika maandishi ya asili? Tulibishana kwa muda mrefu. Mwishowe tuliliweka katika mabano ya mraba, tukaandika wazi kwamba ni maelezo ya mtafsiri. Wapo wenzetu wasiokubaliana nasi hadi leo, na hoja zao si nyepesi: leo tunaongeza floraidi, kesho tutaongeza maoni yetu.

Sura ya tatu sasa inaanza hivi: “Kabla ya kuyatibu maji, tambua aina yake. Nawa mikono kwa sabuni. Povu likikataa, maji ni magumu. Povu likija upesi na ngozi ikateleza, huenda ni maji ya magadi. Peleka chupa moja maabara, uulize ugumu, ualikali na floraidi, kila kimoja kwa jina lake.” Kipimo cha sabuni tulikichukua kwa yule mama wa Terrat, naye tulimwomba ruhusa.

Limebaki neno moja tu ambalo hatujaafikiana, nalo ni hopsi. Wapo wasemao “hopsi hizi” na wapo wasemao “hopsi hii”. Mwalimu mstaafu, ambaye sasa anapika kwa maji ya mvua na jasi, husema “msesewe wa Kizungu”.